Madaftari Yafunguliwe

Ndugu wanachama,

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari tunayo, lakini yamo kabatini, na mkulima wa shamba hupoteza nauli na siku nzima kuja kuuliza jambo lililoandikwa kwa mstari mmoja.

Sasa pana shauri la kutia nyaraka za chama katika tovuti ya ndani, ifunguliwayo kwa simu na neno la siri la mwanachama. Twaliunga mkono, kwa masharti matatu.

Kwanza, isiwe ubao wa bei tu. Zitiwe hesabu, kumbukumbu za mikutano na Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014. Wako wanaohofu kuwa siri zitatoka. Mapato na matumizi si siri kwa wenye mali. Siri ni deni la mtu na hati ya shamba lake, na hayo ayaone mwenyewe peke yake.

Pili, kila waraka uwe na tarehe na jina la aliyeutia. Ukisahihishwa, wa zamani usifutwe.

Tatu, nakala zihifadhiwe pahala pawili. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Ya Pemba ikasalimika, na zao halikupotea.

Na asiye na simu asisahauliwe: hesabu zibandikwe pia ukutani, kila tawi.

Njooni mkutanoni mseme. Anayepima karafuu zake kwa mizani ana haki ya kuiona mizani ya chama chake.

Katibu