Bustani: Viazi vya Dalia na Shingo Zake

Mkulima wa Mabanga hana haja ya kufundishwa kupanda viazi. Huko Bungoma marando ya viazi vitamu huchomekwa tutani, na viazi vya kizungu hukatwa vipande, kila kipande na jicho lake. Ujuzi huo ndio umponzao apatapo kwa mara ya kwanza fungu la viazi vya maua ya dalia, ambavyo kwa sura ni ndugu wa viazi vitamu. Huvikata katikati, huvifukia, hungoja mwezi mzima, kisha akifukua huona uozo mtupu. Fedha imepotea, na aliyemwuzia hulaumiwa bure.

Kiazi cha dalia hakina macho mwilini. Macho yote yapo shingoni, pale kinapoungana na shina kuukuu. Kiazi kilichovunjika shingo, hata kingekuwa kinene kama mkono wa mtu, hakitaota kamwe. Yafaa basi fungu ligawanywe kwa kisu kikali, kila kiazi kibaki na kipande cha shina chenye jicho. Macho yasipoonekana, fungu lilazwe kivulini juu ya udongo wenye unyevu kidogo kwa wiki mbili au tatu, mpaka yachomoze.

Asili ya ua hili ni milima ya Meksiko. Jina lilipewa huko Madrid mwaka 1791, kwa heshima ya Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Kwa kuwa ni la milimani, ubaridi wa Kitale hulipendeza kuliko joto la Bungoma, bali maji yaliyotuama hayalifai popote. Tuta liinuliwe, samadi iliyooza ichanganywe, na kiazi kilazwe kina cha inchi 4 au 5. Mti wa kuegemeza usimikwe siku iyo hiyo, maana asimikaye baadaye hukitoboa kiazi asichokiona. Ikiwa udongo una unyevu, maji yasimwagwe mpaka chipukizi litokeze. Majani yakifika jozi nne, ncha ikatwe ili matawi yaongezeke.

Vitabu vya Ulaya huamuru viazi vichimbuliwe kabla ya jalidi. Mabanga haina jalidi. Vyaweza kukaa ardhini mradi havilowi kupita kiasi. Atakaye kuvigawa avichimbue kwa uma, mbali na shina, na kuviinua kwa mikono miwili kutoka chini. Avutaye kwa shina huzivunja shingo zote kwa mara moja.