Moshi Unaobadili Vazi

Wako watu wasemao kwamba kuvuta sigara ni tabia ya ujana, wala haizuiliki. Sisi twalikataa neno hilo, na ushahidi tunao kutoka Marekani.

Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya nchi ile alitangaza kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Watu wazima wengi wakaanza kuacha. Lakini matajiri wa tumbaku walijua kwamba mvutaji akifa hapana budi apatikane wa kumrithi, wakawavizia watoto. Kampuni moja ilitumia hata picha ya ngamia wa kuchekesha. Mwaka 1991 wanafunzi 27 na nusu katika kila 100 wa sekondari walikuwa wamevuta ndani ya siku 30. Mwaka 1997 walifika 36.

Ndipo umma ulipoamka. Mwaka 1998 majimbo 46 yalipatana na makampuni makubwa kwamba yalipe dola bilioni 206 kwa muda wa miaka 25, na yaache kutangaza sigara kwa katuni. Bei ikapanda, kodi zikaongezwa, moshi ukafukuzwa maofisini na mahotelini. Kufika mwaka 2021 wanafunzi wavutao hawakutimia 4 katika 100.

Lakini adui hubadili vazi. Ilikuja sigara ya umeme, yenye mvuke wa nikotini na ladha ya matunda. Mwaka 2019 walioitumia katika shule za sekondari walikuwa 27 na nusu katika 100, sawasawa na wavutaji wa mwaka 1991! Desemba ya mwaka ule ule sheria ilikataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21. Na mwaka 2024 hesabu ilikuwa imeshuka chini ya 8.

Wafanya kazi wenzetu, somo ni wazi. Kijana havuti kwa sababu ya ujana tu. Huvuta kwa kuwa yuko mtu apataye faida. Penye sheria na uangalizi huokoka. Penye usingizi hunaswa.

Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu. Je, ni wangapi kati yetu ambao jioni humpa mtoto sarafu na kumwambia, "Kaninunulie sigara dukani"? Mzazi afanyaye hivyo amfanyia tajiri kazi bila mshahara, na malipo yake yatakuwa kikohozi cha mwanawe.