Saa 48 za Jirani

Wakazi wa Uvira, kuanzia Kalundu bandarini hadi Kavimvira mpakani, nanyi ndugu zetu wa Sange, Luvungi na Baraka, kuna saa ambazo tunapaswa kuzihesabu pamoja. Mtu akikamatwa, polisi hawaruhusiwi kumweka kasho kupita saa 48. Zikiisha, aachiwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Hiyo si huruma ya kamanda. Ni ibara ya 18 ya Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ambayo pia inaagiza aambiwe kwa lugha anayoielewa sababu ya kukamatwa, na aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au mwanasheria.

Anayezihesabu ni nani? Aliye ndani kanyang'anywa simu. Nje yuko mama yake tu, kaacha beseni la ndagala sokoni ili apeleke chakula, na njiani anawaza atakopa wapi pesa ya kumtoa mwanawe.

Ombi langu la kwanza ni hilo: asiende peke yake. Majirani wawili watatu wamsindikize, mmoja wao awe na daftari. Waulize kwa adabu: kakamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, faili liko kwa nani? Waandike majibu palepale. Sijasema mkapige kelele. Ofisa anayefuata sheria hasumbuliwi na daftari, na asiyeifuata ataliona vizuri sana. Mkiambiwa kuna amande, yaani faini, ombeni karatasi ya serikali inayoonyesha malipo. Na kama shida ni deni tu, hata la Benki Lambert, yaani mkopo wa riba wa mtaani, jueni kwamba Kongo ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu kashindwa kulipa alichoahidi katika mapatano. Utapeli ni jambo jingine. Deni lipelekwe kama kesi ya madai.

Akishafika parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hesabu inarefuka: jaji anaweza kumbakiza gerezani siku 15, kisha mwezi, kisha mwezi mwingine. Huku ndiko watu wanakosahauliwa, maana chakula cha gerezani kinategemea familia, na familia huchoka. Mawakili wetu, nanyi nawaomba. Sheria ya 1979 inayosimamia baro zetu, yaani vyama vya mawakili, inazitaka ziwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Tangazeni siku na saa zake kwa Kiswahili, sokoni, makanisani na misikitini. Msaada usiojulikana na mwenye shida haumfikii.

Najua jibu la wengi: mahakama ni za wenye pesa, tena tuko vitani. Sibishi sana. Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi Februari 2025, na tangu hapo hata njia ya rufaa iliyokuwa ikipanda kwenda huko imevurugika. Lakini kumbukeni Baraka, Februari 2011. Mahakama ya kijeshi ilifunga safari hadi kule kusikiliza kesi ya ubakaji uliofanywa na askari huko Fizi siku ya mwaka mpya. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa kamanda wa askari wale, alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Mambo kama hayo yamezoeleka kumalizwa kwa mbuzi na kikao cha wazee, ingawa sheria ya Julai 2006 haikubali malipo yafute kesi ya ubakaji. Askari wale walikuwa na bunduki. Wanawake walikuwa na maneno yao, na wingi wao.

Ombi la mwisho ni jepesi. Ibara ya 20 ya Katiba inasema vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale ambapo uwazi unahatarisha usalama au maadili. Basi tuingie. Walimu wa sekondari, viongozi wa parokia, maimamu, wenyeviti wa vyama vya wavuvi, teueni watu wanne wanne wa kuhudhuria kwa zamu. Wavae kwa heshima, wazime simu, wakae kimya, waandike tarehe ambayo kesi imeahirishiwa. Jioni waipeleke tarehe hiyo nyumbani kwa mshtakiwa, na kwa mlalamikaji vilevile.