Kisima cha Uani



Kipande cha nyasi mbele ya nyumba si anasa hapa kwetu Bariadi. Kiangazi upepo huvumisha vumbi hata likaingia katika chakula na katika vifua vya watoto, na nyasi hulipunguza. Ndiyo maana wengi hutamani kisima kifupi cha kumwagilia uwanja. Jambo hilo ni jema, lakini lina masharti yake, nami niliyajua kwa hasara.

Kisima changu cha kwanza nilikichimba mwezi wa Machi. Maji yalitokea kwa mita 4, nikafurahi, nikaacha. Ilipofika Agosti kilikuwa kikavu, na shimo nikaliacha wazi. Usiku mmoja mbuzi wa jirani alitumbukia humo akafa. Mbuzi nilimlipa, lakini usingizi sikuupata, kwani wanafunzi wangu hupita pale pale alfajiri. Angalikuwa mtoto, ningalilipa nini?

Basi yapasa kuchimba mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, kwani hapo maji yamekwisha shuka sana. Ukiyapata wakati huo, ongeza mita 1 au 2. Chagua mahali palipoinuka kuliko choo, mbali nacho si chini ya mita 30. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka na kuporomoka; hapana budi kuta zijengewe kwa matofali ya kuchoma au pete za zege. Ukingo uinuke juu ya ardhi, na mfuniko uwe mzito, wenye kufuli.

Aingiaye shimoni afungwe kamba, na juu wawepo watu wawili. Wala isiteremshwe humo mashine ya petroli, kwani moshi wake humwua mtu kabla hajawahi kuita. Mashine ikae juu. Lakini ijulikane kwamba pampu ya kuvuta haipandishi maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, kwa sababu ni uzito wa hewa unaoyasukuma, nao una kikomo.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Kati ya 1974 na 1978, Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, mradi uliosaidiwa na Uholanzi ulichimba mamia ya visima vifupi vijijini. Vile vilikuwa vya watu kunywa. Chetu ni cha nyasi.

Hapo ndipo penye mtihani. Uwanja wa mita 10 kwa 10, ukinyweshwa milimita 5 tu, hunywa lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Kabla hujazimimina, tazama nje ya ua: ni nani apitaye na ndoo kichwani, akienda kufukua mchanga wa mto mkavu? Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma kule Madina, akawaachia watu wote. Basi mpe jirani kwanza, umwambie ayachemshe ya kunywa. Nyasi zipate ziada, pamoja na maji ya udhu.

Nyasi zikikauka Septemba, huchipua tena mvua zinyeshapo. Jirani aliyenyimwa maji hasahau.

Wabillahi tawfiq.