Acheni kumlaumu mtafsiri!

Tovuti ya Kiswahili ikichekwa, lawama zote humwendea mtafsiri. "Kiswahili gani hiki?" watu huuliza, na mkuu wa mradi huahidi kutafuta mwingine. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nasema wazi: mara nyingi mharibifu ni mwandishi wa programu, akisaidiwa na aliyepanga kazi.

Tazameni inavyokwenda. Tovuti inajengwa kwa Kiingereza miezi sita. Zikibaki siku nne izinduliwe, mtu anakumbuka "zile lugha nyingine". Maneno yanachomolewa, yanatiwa kwenye jedwali la Excel, anatumiwa mtafsiri bila picha hata moja ya kurasa. Mstari mmoja umeandikwa "Open". Fungua, au wazi? Unaofuata ni "Order". Agizo? Amri? Mpangilio? Mtafsiri si mpiga ramli.

Halafu kuna ule ujanja wa kuunganisha vipande. Mwandishi wa programu anaandika "deleted" mara moja, mbele yake anaacha pengo la jina la kitu, anatumia hiyo hiyo kila mahali. Kwa Kiingereza inapita. Kwa Kiswahili picha imefutwa, ujumbe umefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Hakuna neno moja la kutosha hapo. Mtafsiri akilazimishwa ataandika "imefutwa", msomaji ataona "Mtumiaji imefutwa", na kicheko kitamwangukia nani? Kila kitu kiwe na sentensi yake nzima. Ndiyo, ni mistari zaidi ya kuandika. Basi iandikwe.

Na hili si suala la kuchekesha tu. Mtu anataka kughairi agizo la bidhaa. Dirisha linamuuliza "Ghairi agizo?" na chini kuna vitufe viwili: "Sawa" na "Ghairi". Atabonyeza kipi? Atabonyeza "Ghairi", dirisha litafungwa, agizo litabaki palepale na pesa zitakatwa. Kwenye jedwali "Cancel" lilikuwa neno moja tu, na mtafsiri alilitafsiri vizuri kabisa. Angeliona dirisha lenyewe angeandika "Ndiyo, ghairi" na "Rudi". Pesa za watu hizo, jamani.

Asiniambie mtu kwamba vifaa havipo. Gettext ya mradi wa GNU iko tangu miaka ya 1990. Inajua umoja na wingi, na tangu toleo la 0.15 la mwaka 2006 inaruhusu neno moja la Kiingereza kuwa na tafsiri tofauti kulingana na mahali lilipo. Kuna hata nafasi ya kumwandikia mtafsiri maelezo. Ni kazi ya dakika moja! Lakini fungueni mafaili ya PO mengi mtakuta nafasi hiyo tupu kama mfuko wa tarehe 28.

Mwandishi wa programu hawezi kuamua istilahi, hiyo ni kazi ya msimamizi. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Nywila au nenosiri? Wapeni kazi watafsiri watatu, wa Mombasa, wa Nairobi na wa Dar es Salaam, bila orodha moja ya maneno, mtapata tovuti ya lugha tatu zote zikiitwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa OpenOffice ya Kiswahili kwa jina la Jambo mwaka 2004, uliichukua orodha ya istilahi kuwa sehemu ya kazi. Na mtu mmoja awe na neno la mwisho. Kamati itajadili "kipanya" na "puku" mpaka kipanya chenyewe kife.

Malipo nayo! Wapo wanaolipa kwa neno huku wakihesabu maneno ya Kiswahili. "We will not write to you" ni maneno sita. "Hatutakuandikia" ni moja. Huo ni wizi wa mchana kweupe. Hesabuni ya Kiingereza.

Mtaniambia siku hizi mashine inatafsiri. Sawa, ila ukiipa "Order" peke yake nayo inabahatisha tu, tena haitakupigia simu kuuliza.

Kama tovuti yenu inazinduliwa mwezi ujao, mpeni mtafsiri nywila ya tovuti ya majaribio leo, ayaone maneno yake mahali pake. Mpeni na namba ya simu ya mwandishi wa programu. Na huyo bwana aipokee.