Mali ikishauzwa hairudi? Basi na pesa zetu hazitoki!

Kijana mwenzangu wa Arusha, wewe unayeshinda juani pale Kilombero, wewe kondakta wa vifodi, na wewe mwanaapolo uliyeteremka kutoka Mererani na vijisenti vyako mfukoni, leo tuzungumze bila kufichana. Umepata chumba Sakina au Unga Limited. Godoro lipo, jiko la gesi lipo, sasa unataka televisheni. Ni haki yako. Wenzetu wa Zanzibar waliangalia picha za rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukaambiwa hiyo ni anasa, hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Tulisubiri karibu miaka 20! Mlalahoi aliyesubiri hivyo, halafu akauziwa kopo, huyo ameonewa mara mbili.

Nitakupa kisa changu. Duka silitaji, mwenyewe akisoma atajijua. Niliingia mjini na Sh. 650,000 nikatoka na skrini ya inchi 43, boksi linameremeta, limeandikwa kila sifa unayoijua duniani. Pale dukani picha ilikuwa inawaka kama jua la Januari. Mwezi wa nne, katikati ya mpira, kioo kikawa cheusi. Sauti ipo, mtangazaji anapiga kelele za goli, sisi tunatazamana kama wafiwa.

Fundi mmoja wa Ngarenaro hakuhitaji hata bisibisi. Alizima taa ya chumba, akamulika kioo kwa tochi ya simu. Ala! Picha ilikuwepo, hafifu kama kivuli, wachezaji wanakimbia gizani. Akanieleza: kioo chenyewe hakitoi mwanga, nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo ndogo, na hizo ndizo zilizokufa. Kwa nini zife upesi? Kwa sababu baadhi ya watengenezaji wa bei chee huzilazimisha taa chache kwa umeme mwingi ili ung'avu ukuhadae dukani. Ni kumkamua ng'ombe siku ya mnada.

Nikarudi dukani na kikaratasi changu cha mkono kisicho na namba wala jina la kitu. Muuzaji hakunijibu, alininyooshea kidole ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilichagua picha, sikumchagua atakayewajibika picha ikifa. Na wewe ndiko unakokwenda kama hujanisikiliza.

Waulize wazee wako. Kituo cha daladala kinachoitwa Philips hakikupewa jina hilo kwa mapambo. Kilikuwepo kiwanda cha Philips hapa hapa Arusha, kikiunganisha redio. Redio zile zilikaa nyumbani hadi watoto wakaoa. Ziliharibika pia, lakini vipuri na mafundi vilikuwa jirani. Leo tunaletewa makontena yenye majina ambayo mwakani hayatakuwepo, na hakuna mkubwa anayeulizwa mzigo ulipitaje.

Kwa hiyo swali lako la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe hili: ikifa, nani anaitengeneza, na yuko wapi? Ukiambiwa waranti ni ya mwaka mmoja lakini fundi yuko Dar es Salaam, piga hesabu ya kusafirisha kioo zaidi ya kilomita 600. Kisha muulize fundi wako mwenyewe, siyo wa duka, kama taa na bodi za aina hiyo zinapatikana mjini. Taa hubadilishwa kwa pesa za kuvumilika. Kioo kikipasuka, mara nyingi bei yake inakaribia ya televisheni mpya. Hata hizo wanazoziita "double glass" zina kioo cha ziada mbele tu, siyo ngao ya bure.

Halafu risiti. Dai ya mashine ya EFD, na kwenye karatasi ya waranti iandikwe modeli pamoja na namba ya pekee iliyoko mgongoni mwa televisheni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa sheria hiyo. Tangazo lililobandikwa kwa gundi haliwezi kufuta sheria ya Bunge, ila ukienda kulalamika bila risiti utakuwa unapiga hadithi tu.

Soma jina herufi kwa herufi. Wajanja wanabadilisha herufi moja wakijua una haraka. Mwaka 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Televisheni bandia haina wa kuizima, inajizima yenyewe.

Nenda na futi ya fundi cherehani. Inchi 32 ni sentimeta 81 kutoka kona hadi kona ya kioo, inchi 43 ni 109, na fremu haihesabiwi. Wapo wanaokuuzia fremu. Stika ya 4K isikutie wazimu, maana 4K ya kweli ina vitone 3,840 kwa 2,160, na inchi 32 nyingi hazifiki huko. Kama wanasema ni Android, fungua Play Store mbele yao, ingia kwenye mipangilio, uone kama kifaa kimethibitishwa.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam ikianza tarehe 31 Desemba 2012 na sisi tukifuata mwaka 2013, machogo yetu yaligeuka meza za kuwekea vyombo bila king'amuzi. Mwaka 2018 wenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia wakajikuta chaneli za bure za nyumbani zimeondolewa. Basi tafuta yenye DVB-T2 ndani, na muuzaji aitafutie chaneli kwa antena ukiona, usikubali neno "inakamata". Lakini wewe wa Ngarenanyuki, nyuma ya Meru, usidanganyike na antena: mlima wa mita 4,566 hauhongeki, mawimbi ya mnara wa mjini hayautoboi. Wewe andaa dishi.

Ukifika nyumbani, punguza ung'avu wa taa za nyuma hadi nusu. Mimi sikuambiwa. Umeme ukikatika, chomoa, kwani unaporudi huja na teke. Nunua na kile kifaa cha kuchelewesha umeme kabla haujaingia kwenye seti. Kama unafungua kibanda umiza, hilo siyo la hiari, maana skrini hiyo ndiyo shamba lako.

Mwisho, usinunue Jumamosi ya dabi. Nenda Jumanne asubuhi, duka likiwa tupu, uikalie hiyo televisheni nusu saa ikiwaka. Muuzaji akinuna, au akikataa kuandika namba, toka. Usigombane naye. Duka la pili liko hatua ishirini mbele.