Kilio kinaisha, lakini karatasi inahesabu siku

Wandugu wa Mboko, Baraka na Fizi yote, leo siongei bei ya dhahabu. Ninaongea juu ya ndugu zetu walio Marekani, wale waliovuka ziwa mu vita ya 1996, wakaishi miaka mingi mu kambi ya Nyarugusu, kisha wakachukuliwa kwenda kuanza maisha mapya.

Sasa wanarudi kutuona, na ni furaha. Mtu anakuja kuzika mama yake, anasema atakaa mwezi mmoja. Familia inamushika: ngoja arobaini, ngoja mahari ya mdogo wako, jenga kwanza nyumba. Mwingine anashuka Misisi kutia pesa mu shimo la dhahabu. Anashituka, ni miezi 13.

Mwenye grinkadi hajakuwa raia. Ile karatasi inamuruhusu kuishi kule, na sheria inataka aishi kule kweli. Akipitisha miezi 6 inje, wanaweza kumuhoji kwenye mpaka, na ile miaka 5 ya kungojea uraia inaweza kukatika. Akipitisha mwaka 1 bila kibali cha kurudi, grinkadi peke yake haitoshi tena kumuingiza. Kile kibali kinadumu mpaka miaka 2, lakini ombi linaingizwa mtu akiwa angali Marekani. Ukiisha kufika Mboko, umechelewa.

Hata miezi 5 si kinga. Wanatazama kama ungali na nyumba kule, kazi, na kama unalipa kodi. Na aliyeingia kama mkimbizi achunge zaidi. Anaweza kuulizwa: kama ulikimbia kifo kule Kongo, namna gani umekaa kule mwaka muzima?

Kuna wanaochelewa bila kupenda. Mu Febuari 2025 M23 walikamata kiwanja cha ndege cha Kavumu, na safari za watu zikaharibika. Aliyekwama juu ya vita ao ugonjwa achunge ushahidi wote: tikiti, karatasi ya hospitali. Anaweza kuomba kwenye ubalozi wa Marekani viza ya mkaaji anayerudi, akionyesha kwamba kuchelewa hakukutoka kwake.

Mu sendika tunaambia wachimbaji kila siku: usitie sahihi kwenye karatasi usiyoisoma. Kule mpakani iko fomu inaitwa I-407. Kuitia sahihi ni kusema: ninaacha ukaaji wangu kwa kupenda kwangu. Hakuna sheria inayokulazimisha. Uko na haki ya kuomba mambo yako yafike mbele ya jaji.

Lakini neno langu kubwa ni kwetu sisi tuliobakia hapa. Ni sisi tunaowashika. Minervali ya watoto, dawa ya mzee, mabati ya nyumba, vingi vinatoka kwa yule mutu mumoja. Tukimupotezea karatasi, ni sawa na kufukia shimo ndugu akiwa angali ndani.

Basi siku mgeni wetu anafika, tukiisha kumupa maji na kiti, tumuulize: mukubwa, unarudi tarehe gani? Na ile tarehe ikifika, hata kama kilio hakijaisha, tumubebee mizigo mpaka kwenye gari.